Ukiambiwa uchungu wako utaanzishwa hospitali

Juma hili tunajibu swali la dada yetu mmoja anayeishi Hillbrow, Johannesburg. Ana mimba ya kwanza, siku zake za kujifungua zimepita, na wiki ya 41 inatimia Jumatatu. Kliniki imempa barua aende hospitali kubwa akaanzishiwe uchungu. Mama yake mzazi, aliyeko Uvira, amemwambia kwa simu asikubali: mtoto hutoka akiwa tayari, na anayeanza kuchokolewa huishia kwenye kisu. Mumewe ana hofu ya pili. Karatasi zao za kuomba hifadhi zimekwisha muda, na anaogopa watafukuzwa mlangoni au watadaiwa pesa wasizokuwa nazo. Dada anauliza: niende, au nisubiri nyumbani?

Jibu fupi ni hili, mdogo wetu: nenda. Lakini neno moja halimtulizi mtu ambaye hajalala siku tatu. Kwa hiyo leo tutaeleza hatua kwa hatua utakachokikuta huko, ili mguu wako usisite mlangoni. Na kwa kuwa wanafunzi na wake wa wafanyakazi wengi wanaotusoma wana mimba miezi hii hii, maelezo haya ni ya wote.

Kwanza, kwa nini wasisubiri?

Mama yako hajasema uongo. Watoto wengi huja wenyewe kati ya wiki ya 37 na ya 42, na asiye na tatizo lolote haharakishwi. Lakini kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto na kumpa hewa, lina umri wake. Mimba ikipita wiki ya 41 baadhi ya makondo huanza kuchoka, na maji yanayomzunguka mtoto hupungua. Mama haoni dalili yoyote. Anakula, anatembea, anapika. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mama ambaye tarehe zake zinajulikana kwa uhakika aanzishiwe uchungu akitimiza wiki 41.

Kuna utafiti wa Sweden ambao unaeleza jambo hili vizuri kuliko sisi. Wanawake 2,760 wenye mimba zisizo na tatizo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilianzishiwa uchungu wiki ya 41, la pili likaachwa lisubiri hadi wiki ya 42. Mwaka 2018 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu katika kundi lililosubiri watoto sita walikuwa wamefariki, na katika kundi lililoanzishiwa hakufariki hata mmoja. Waliofanyiwa upasuaji walikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili. Sita kati ya wanawake zaidi ya elfu moja ni wachache, ndiyo. Ila hakuna mama anayeambiwa mapema kama yumo katika hao sita.

Kupitisha siku si sababu pekee. Uchungu huanzishwa pia mama anapokuwa na presha ya mimba, maana ikiachwa inaweza kuleta kifafa cha mimba. Anapokuwa na kisukari. Chupa inapopasuka na uchungu usifuate. Mtoto anapoacha kukua vizuri tumboni. Na wakati mwingine, Mungu aepushe, mtoto anapokuwa amefariki tumboni. Kila sababu ina haraka yake. Mwenye presha kali huenda asipewe hata siku moja ya kufikiria. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza daktari ni hili: sababu yangu ni ipi, na nikisubiri kuna hatari gani?

Mbona si hapa hapa Hillbrow?

Wengi wenu mnaijua kliniki kubwa ya serikali ya Hillbrow, ambayo ina kitengo chake cha wakunga kinachozalisha usiku na mchana. Wakunga wale ni hodari, lakini kitengo cha aina hiyo ni cha uchungu uliokuja wenyewe kwa mama asiye na tatizo. Hakina chumba cha upasuaji, na dawa za kuanzisha uchungu hazitakiwi kutolewa mahali ambapo mama hawezi kupasuliwa haraka ikibidi. Kwa hiyo ukipewa barua ya kwenda hospitali hujakataliwa. Umepandishwa ngazi.

Kutoka Hillbrow wengi hutumwa Charlotte Maxeke, ile hospitali kubwa iliyoko Parktown, si mbali na mjini. Wengine hujikuta Rahima Moosa, hospitali ya akina mama na watoto iliyoko Coronationville, upande wa magharibi. Yafaa kuyajua majina hayo. Charlotte Maxeke alikuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza wa Afrika Kusini kupata shahada ya chuo kikuu. Rahima Moosa alikuwa mmoja wa viongozi wa maandamano ya wanawake ya tarehe 9 Agosti 1956, wanawake kiasi cha 20,000 waliokwenda Pretoria kupinga sheria ya kutembea na pasi, na mwaka huo yeye mwenyewe alikuwa mjamzito. Ukiwa na hofu ya karatasi zako mlangoni pa hospitali hiyo, kumbuka aliyepewa jina lile alipigania nini.

Karatasi na pesa

Hapa tunamjibu shemeji yetu. Sheria ya Afya ya Taifa ya Afrika Kusini, namba 61 ya mwaka 2003, inasema mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto wa chini ya miaka sita hutibiwa bure katika hospitali na kliniki za serikali. Miaka ya karibuni baadhi ya hospitali za Gauteng zilianza kuwadai wageni pesa. Jambo hilo likapelekwa mahakamani, na Aprili 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ikaamuru kwamba haki hiyo ni ya kila mjamzito, awe wa taifa gani, awe na karatasi au asiwe nazo. Hospitali ziliagizwa kubandika matangazo ukutani yanayosema hivyo.

Wako watu wa aina mbili ambao haki hiyo ya bure haiwahusu. Wa kwanza ni aliyeingia nchini kwa kusudi la kutafuta matibabu tu. Wa pili ni mwenye bima ya matibabu. Wanafunzi, hapa masikio yenu: visa ya masomo inawataka muwe na bima ya Afrika Kusini, na bima hizo huruhusiwa kumwekea mwanachama mpya muda wa kungoja hadi miezi 12 kwa hali aliyojiunga nayo, mimba ikiwemo. Usingoje wiki ya 40 ndipo usome mkataba. Wapigie simu bima yako sasa, uliza kama kujifungua kunalipwa na katika hospitali zipi, na uombe jibu kwa maandishi.

Kuhusu wale vijana wanaosimama milangoni pa kliniki wakidai vitambulisho, Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliwazuia Operation Dudula kufanya hivyo, ikasema kudai pasi za watu ni kazi ya maofisa wa uhamiaji na polisi. Tunajua amri ya mahakama na hali ya mlangoni hazifanani kila siku. Basi usiende peke yako. Beba barua ya rufaa na kitabu chako cha kliniki, na hata karatasi iliyokwisha muda beba hivyo hivyo. Ukizuiwa, usigombane. Omba kwa upole kumwona sista msimamizi wa zamu au meneja wa hospitali, na umwonyeshe barua. Kama una uchungu au unatoka damu, sema hivyo kwanza kabla ya jina lako, kwa kuwa Katiba ya Afrika Kusini inasema hakuna anayeweza kunyimwa huduma ya dharura.

Siku ya kwanza wodini

Mwandiko wa hospitali ni wa saa 24. Ukiandikiwa 07:00, hiyo ni saa moja asubuhi kwa saa zetu. Wengi wametoka kwao saa saba mchana kwa kuiona saba kwenye karatasi. Kula kabla ya kwenda, na ujiandae kungoja, maana vitanda ni vichache na mwenye dharura hupita mbele.

Ukifika utapimwa presha, mkojo na joto. Utafungwa mkanda tumboni unaochora mapigo ya moyo wa mtoto kwenye karatasi, kiasi cha nusu saa. Kisha daktari au mkunga atakupima njia. Anatafuta mambo matano: mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, umekuwa mfupi kiasi gani, ni laini au mgumu, umeelekea mbele au nyuma, na kichwa cha mtoto kimeshuka wapi. Kila jambo lina alama zake, na jumla ndiyo inayoamua waanze na njia gani. Hesabu hiyo ilitungwa na daktari Mmarekani, Edward Bishop, mwaka 1964, na bado inatumika duniani kote. Ukisikia mlango wako haujaiva, usivunjike moyo. Mimba ya kwanza mara nyingi ndivyo ilivyo, na kazi ya siku ya kwanza ni kuuivisha.

Kuivisha kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni dawa ya misoprostoli. Kidonge chake cha kawaida kina mikrogramu 200, lakini mama mwenye mtoto hai tumboni hapewi kidonge kizima. Mwongozo wa Afrika Kusini ni kukiyeyusha katika mililita 200 za maji, kisha mama ananyweshwa mililita 20 tu kila baada ya saa mbili, yaani sehemu ya kumi ya kidonge, mpaka uchungu ushike. Njia hii ya kunywa kidogo kidogo ilifanyiwa utafiti hapa hapa Afrika Kusini na Profesa Justus Hofmeyr na wenzake, waliochapisha matokeo mwaka 2001. Ziko hospitali zinazotumia jeli inayowekwa ukeni badala ya kinywaji hicho.

Njia ya pili haina dawa. Ni mpira mwembamba, ule ule wa mkojo, unaopitishwa kwenye mlango wa kizazi, kisha kijiputo kilicho nchani kinajazwa maji. Puto linakandamiza mlango kutoka ndani polepole. Kuwekewa kunakera, kama kupimwa njia kwa muda mrefu, lakini ukishawekwa unaweza kutembea nao. Mlango ukifunguka sentimita tatu hivi mpira hudondoka wenyewe. Usishtuke ukiuona kitandani, mwite sista umwambie umetoka.

Mlango ukishaiva, huenda mkunga akapasua chupa kwa kijiti chenye ncha. Hakuumi kuliko kupimwa njia. Utasikia maji ya moto yakimiminika. Tazama rangi yake. Yakiwa meupe ni vizuri, yakiwa ya kijani mtoto amejisaidia tumboni na wanahitaji kumwangalia kwa karibu zaidi. Mwisho, uchungu ukiwa mlegevu, unawekewa dripu ya oksitosini mkononi, nayo huongezwa matone polepole. Dripu hiyo na misoprostoli havichanganywi kwa pamoja. Ni lazima saa kadhaa zipite baada ya dozi ya mwisho. Kwa hiyo ukiona umeachwa kitandani bila kuongezewa kitu, huenda hujasahauliwa. Uliza tu.

Je, itachukua muda gani?

Hili ndilo linalowachosha wengi. Jirani aliyejifungua mtoto wa tatu atakwambia alianzishiwa asubuhi na jioni akanyonyesha. Mimba ya kwanza yenye mlango mgumu inaweza kuchukua siku nzima, na siku mbili si ajabu. Kwa hiyo waambie watu wa nyumbani mapema kwamba kuingia hospitali Jumatatu si kusema mtoto atakuja Jumatatu. Simu za kila nusu saa kutoka Uvira, Kigoma na Mombasa zinamaliza chaji na zinamtia mama wasiwasi. Chagueni mtu mmoja wa kutoa habari kwa ukoo wote.

Na maumivu? Wanawake wengi husema uchungu wa kuanzishiwa ni mkali zaidi, na wana sababu. Uchungu uliokuja wenyewe hukuzoesha kwanza nyumbani, ukipika na kutembea. Wa dripu huja na nguvu zake mapema, ukiwa umelala na mkanda tumboni. Omba kusimama au kukaa kila inaporuhusiwa. Uliza mapema kuna dawa gani za kutuliza: mara nyingi kuna sindano ya pethidini, pengine gesi ya kuvuta. Sindano ya mgongoni inayoondoa maumivu karibu yote, katika hospitali za serikali haipatikani kwa kila mtu. Kuomba dawa si uoga. Kwetu tulilelewa kunyamaza leba ili tusiaibishe ukoo, lakini sista haisomi kimya yako. Anayenyamaza anaweza kudhaniwa bado yuko mbali.

Nitaishia kwenye kisu?

Hofu ya mama ilikuwa hapa. Wengine huishia huko, tusidanganyane. Mlango ukikataa kabisa kufunguka, au moyo wa mtoto ukianza kuchoka, daktari atapendekeza upasuaji. Lakini je, kuanzishiwa ndiko kunakoleta kisu? Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani wa wanawake zaidi ya 6,000 wenye mimba ya kwanza. Kati ya walioanzishiwa wiki ya 39, waliopasuliwa walikuwa asilimia 18.6, kati ya walioachwa wasubiri, asilimia 22.2. Hospitali za kule zina wauguzi na vitanda zaidi kuliko zetu, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama ahadi ya Johannesburg. Zinachotuambia ni kwamba kusubiri hakumkingi mama na kisu kama tunavyodhani.

Hatari ya kweli ya dawa hizi ni mikazo kuja kwa kufuatana mno, mtoto akakosa nafasi ya kupumua kati ya mmoja na mwingine. Ukihesabu mikazo zaidi ya mitano ndani ya dakika kumi, au tumbo likabaki gumu bila kulegea, ita mtu hapo hapo, usingoje mzunguko wa daktari. Na kuna mambo ambayo lazima uyaseme kabla ya dozi ya kwanza, hata kama hukuulizwa: kama uliwahi kupasuliwa, kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wowote wa kizazi, na umezaa mara ngapi. Misoprostoli kwa mama mwenye kovu, au aliyezaa mara tano na zaidi, inaweza kupasua mfuko wa uzazi. Kama ulipasuliwa Bukavu na cheti kilipotea njiani, onyesha kovu. Kama unatumia dawa za ARV, beba vidonge vyako, meza kwa saa zako na umwambie sista, maana huenda wasiharakishe kupasua chupa.

Dawa za nyumbani na za barabarani

Kila jamii ina dawa yake ya kuharakisha. Kwetu ni mafuta ya nyonyo na mizizi ya kuchemsha. Wenyeji hapa wana isihlambezo. Hatumdharau bibi yeyote aliyetulea. Lakini mzizi hauna kipimo, na ukiunywa asubuhi kisha hospitali ikakupa dawa mchana, nguvu mbili zinakutana tumboni mwako na hakuna anayejua. Kama umeshakunywa, sema. Heri sista akukaripie kuliko akupe dozi gizani.

Na lile la barabarani ni baya zaidi. Nguzo za Hillbrow zimejaa matangazo ya watu wanaouza vidonge, na baadhi ni misoprostoli hiyo hiyo, au vidonge visivyojulikana ni vya nini. Umeona hesabu hapo juu: hospitali inatoa sehemu ya kumi ya kidonge, mama akiwa na mkanda tumboni na chumba cha upasuaji karibu. Kumeza kizima chumbani, ghorofani, lifti ikiwa mbovu, ni kuchezea maisha mawili.

Maneno machache ya kubeba

Sista wengi watakusemesha Kizulu, na Kiswahili chako ni ndugu yake. Ubuhlungu ni maumivu, sikia jinsi linavyofanana na uchungu wetu. Amanzi ni maji, igazi ni damu, ingane ni mtoto. Na sentensi moja uikariri hata kama utasahau zote: ingane ayinyakazi, mtoto hachezi. Ukiitwa kutia sahihi ya kukubali upasuaji na hukuelewa, una haki ya kuelezewa katika lugha unayoielewa. Weka namba ya ndugu au rafiki anayejua Kiingereza vizuri, akubali kupigiwa hata saa nane usiku.

Bora zaidi ni mtu wa kukaa nawe. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali moja ya hapa Johannesburg: akina mama wa mimba ya kwanza waliokaliwa na mwanamke wa kujitolea, asiye mkunga wala ndugu, kazi yake kuwashika mkono na kuwatia moyo tu. Walikuwa na wasiwasi mdogo baadaye, na wengi zaidi wao walikuwa wakinyonyesha walipofikisha wiki sita. Sisi jambo hilo tulilijua tangu kwa nyanya zetu. Hospitali nyingine huruhusu msindikizaji leba, nyingine hukataa kwa sababu ya nafasi. Omba kabla, siku ya kulazwa. Kama mumeo hawezi kuingia kwa kuwa wodi ni ya wazi, shoga au jirani wa kike huenda akaruhusiwa.

Mfuko na watu wa nyumbani

Beba kitabu cha kliniki, barua ya rufaa na kitambulisho chochote ulicho nacho. Beba pedi kubwa, nepi, nguo na kofia ya mtoto, blanketi, kanga au vitenge viwili, sabuni, taulo, chupa ya maji, chakula kikavu na chaja ya simu. Vya thamani acha nyumbani.

Baba wa mtoto, yako ni usafiri. Parktown si mbali, lakini mwenye uchungu hatembei Twist Street usiku. Panga na dereva mnayemfahamu. Ambulensi ya serikali ni 10177, na kwa simu ya mkononi 112 hupatikana. Zinaweza kuchelewa, kwa hiyo uwe na njia ya pili.

Na kabla ya Jumatatu kufika, msiingoje Jumatatu kama mtoto amepunguza kucheza, damu inatoka, chupa imepasuka, kichwa kinauma kisichotulia, macho yanaona vimulimuli, au tumbo linauma juu chini ya mbavu. Hizo ni za kwenda saa ile ile, kliniki au hospitali, usiku au mchana.

Mtoto akishafika

Utachomwa sindano pajani kondo litoke na damu isizidi, maana mfuko wa uzazi uliofanya kazi muda mrefu huchelewa kujikaza. Mweke mtoto kifuani na umnyonyeshe mapema, nako husaidia. Kabla hujatoka, usiondoke bila karatasi ya hospitali inayothibitisha kwamba umejifungua. Uzazi unatakiwa kuandikishwa Home Affairs ndani ya siku 30, kwa fomu ya DHA-24. Cheti cha mtoto wa wazazi wageni hakimpi uraia, lakini bila hicho shule na safari zitakuwa mateso. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa Septemba 2021, baba ambaye hajamwoa mama wa mtoto naye anaweza kumwandikisha mwanawe. Waomba hifadhi na wakimbizi, mwingizeni mtoto katika faili lenu mapema.

Mdogo wetu wa Hillbrow, mpigie mama tena leo jioni. Usibishane naye. Mweleze kwamba hawamchokoi mtoto ambaye hajawa tayari, bali wanamfungulia mlango mtoto ambaye chakula chake kinaelekea kwisha. Mwambie jina la hospitali, na nani atakuwa anampa habari. Kisha mwombe dua zake, maana hizo unazihitaji, na Jumatatu saa moja asubuhi uwe pale. Ukishapata nguvu, tuandikie tujue ni wa kike au wa kiume.